KARANI NA SPANA
Juu ya kuacha meza na kushika ufundi wa bomba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Dodoma)



Kamati iliponiomba niseme mbele yenu, iliniachia nichague mwenyewe jambo litakalowafaa watumishi wenzangu. Nimechagua jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona wakati wa chai, walakini halijapata kusemwa wazi hapa barazani. Je, yafaa mtumishi aliyekwisha kupita miaka thelathini, mwenye nyumba na watoto, aache kazi ya kalamu akajifunze ufundi wa bomba na kujitegemea? Mimi ni karani, umri wangu ni miaka 34, na katika utumishi nimetimiza miaka 12. Basi swali hili ni langu kama lilivyo lenu. Nitalishughulikia kama tushughulikiavyo jalada ofisini: kwanza habari zake, kisha hesabu zake, kisha shauri.

Habari ya kwanza ni ya mji wetu. Wazee wa Ugogo husimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na neno Idodomya, maana yake mahali palipodidimia, kwa kuwa tembo alikuja kunywa maji akazama topeni. Yaani jina lenyewe lina maji ndani yake, ijapokuwa nchi ni kavu. Mvua ya mwaka kwa wastani haifiki milimita 600, nayo hunyesha aghalabu kati ya Desemba na Aprili. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka katika visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini ya hapa. Maji ya namna hii yatokayo chini sana ya ardhi huwa na chokaa na chumvi, na kila mama wa nyumba aijua ile kaa nyeupe ibakiayo ndani ya birika.

Habari ya pili ni ya watu. Mwaka 1973 ilikatwa shauri kwamba makao makuu ya Serikali yahamie Dodoma, na kwa miaka mingi shauri hilo lilikwenda polepole. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhama kweli kweli, na mwaka 2018 Dodoma ikafanywa jiji. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha watu 410,956 katika manispaa. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 765,179 katika jiji. Watu hawa wamejenga na wangali wanajenga. Kila nyumba mpya yataka tangi, pampu, sinki, choo cha ndani, bomba la kuogea, na mara nyingi hita ya kupasha maji, kwa maana usiku wa Juni na Julai katika uwanda huu una baridi ya kutosha kumfanya mtu aogope kuoga. Mamlaka ya Maji huleta maji mpaka kwenye mita. Toka mita hadi sinki ni shauri la mwenye nyumba na fundi wake.

Hapo ndipo wengi wetu huanza kupiga hesabu za kichwani. Mmoja huniambia, "Fundi alikaa kwangu saa mbili, akaondoka na fedha nizipatazo kwa siku mbili." Neno hilo laweza kuwa kweli, lakini ni nusu ya kweli, nusu ya pili nitaieleza nitakapofika penye hesabu.

Kabla ya hapo yatupasa tuseme juu ya aibu, maana ndiyo iwazuiayo wengi kuliko hesabu. Sisi tulisomeshwa ili tushike kalamu. Katika zama za ukoloni shule za juu zilikuwa chache, na mtu aliyezimaliza alingojewa na meza ya ukarani au ubao wa ualimu. Martin Kayamba, aliyekianzisha chama cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, alikuwa karani, na wenzake walikuwa makarani na walimu. Watu wale walipata heshima kwa kalamu, nao walistahili. Lakini heshima ile ilituachia mazoea mabaya kidogo: twadhani mkono uliochafuka ni mkono wa mtu asiyesoma.

Baba yangu aliuza ng'ombe ili nisome. Nilipomweleza fikira zangu alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mwanangu, niliuza ng'ombe ili ukachimbue vyoo vya watu?" Sikumlaumu. Katika nchi hii ng'ombe si kitu cha kutajwa kwa mzaha. Nilimjibu, "Baba, uliuza ng'ombe ili nijue kusoma na kuhesabu. Elimu hiyo haitabaki mezani nikiondoka, nitakwenda nayo." Hakukubali siku ile. Nami sikutaka akubali upesi, kwa sababu alikuwa na haki ya kuogopa. Tuliosoma katika shule za misheni tulifundishwa kwamba Mtume Paulo, aliyeandika nyaraka zile zote, alikuwa mshona hema, na huko Korintho alikaa na Akila kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja. Hapana aliyemwona amepungukiwa na elimu kwa sababu ya sindano yake.

Sasa, ufundi huu ni nini? Msidhani ni kuunganisha mabomba tu. Maji yana sheria zake, nayo hayamwonei mtu haya. Tangi likiinuliwa mita 10, maji hushuka na nguvu ya baa 1 hivi. Likiinuliwa mita 3, nguvu haifiki hata theluthi ya hiyo. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyenunua bomba la kuogea la bei kubwa, akaliweka tangi lake juu ya kinara kifupi, hulaumu bomba bure. Bomba la maji machafu la upana wa milimita 100 lataka mteremko wa sentimita 2 hivi katika kila mita moja. Likilala sawa, uchafu hukaa. Likiinama mno, maji hukimbia yakauacha uchafu nyuma. Chini ya kila sinki hapana budi pawe na kona ishikayo maji kidogo, ili hewa mbaya ya shimoni isirudi jikoni.

Na hita je? Huko Ulaya fundi wa kupasha joto ni mtu mkubwa, maana nyumba nzima hupashwa moto wakati wa baridi kali. Uingereza haimruhusu mtu kugusa mitambo ya gesi ya nyumbani kama hakuandikishwa katika daftari maalumu, ambalo tangu mwaka 2009 huitwa Gas Safe Register. Sisi hatuna baridi ile, lakini tunazo hita za umeme na mitambo ya kupasha maji kwa jua, na hatari yake si ndogo. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 mpaka nyuzi 60 huongezeka kwa sehemu moja na nusu katika mia. Katika hita ya lita 100, hiyo ni lita moja na nusu itafutayo mahali pa kwenda. Ndiyo sababu hita ina valvu ya usalama, na yule azibaye valvu hiyo kwa kuwa inadondosha maji anatega mtego ndani ya nyumba ya watu. Zaidi ya hayo, ile chokaa ya maji yetu hugandamana juu ya chuma cha moto ndani ya hita, ikala umeme na kukiharibu chuma chenyewe. Fundi wa Dodoma asiyejua kuifungua hita na kuisafisha hajaijua Dodoma. Nazo nyaya za umeme na aachiwe fundi umeme mwenye leseni.

Mwaona basi kwamba kazi hii yataka kujifunza, na kujifunza katika umri wetu kuna uchungu wake. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika ufundi wa bomba methali hii si mfano tena; ndiyo kazi yenyewe. Utainama chini ya sinki, na atakayekuambia uiname ni kijana wa miaka 22, aliyeishia darasa la saba, naye ndiye mwalimu wako. Atakuita "mzee" na papo hapo atakutuma spana. Mtu asiyeweza kutumwa na kijana huyu na abaki ofisini.

Mimi nimejifunza hivi kwa Jumamosi nyingi na kwa siku zangu za likizo. Siku za kwanza nilishika taa tu na kuhesabu elbo, tii na soketi. Baadaye nikaruhusiwa kuunganisha mabomba ya plastiki kwa moto, kazi ionekanayo rahisi mpaka utakapoyakandamiza mno, plastiki ikayeyuka kwa ndani na kuziba njia ya maji. Kwa nje kiungo ni kizuri; kwa ndani maji hayapiti. Kijana yule hanipi sifa, ila siku hizi ananiacha peke yangu nifunge kiungo, naye akaenda kunywa chai. Kwangu hiyo ni hati.

Lakini hati ya kweli nayo ni lazima. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo ina chuo hapa Dodoma. Tena VETA ina utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia ufundi kazini, ili ujuzi wake utambuliwe na apewe cheti. Utaratibu huu wafaa sana kwa watu wa umri wetu, wasioweza kurudi darasani miaka mitatu. Mwenye nia na aende chuoni aulize masharti na ada, asitegemee maneno ya barabarani.

Sasa nafika penye hesabu. Tafadhali chukueni kalamu, maana sisi ndio watu wa kazi hiyo. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke zake.

Tuseme karani ana mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi kabla ya makato. Tuseme fundi hupata shilingi 40,000 kwa siku ya kazi. Karani hugawa, akaona kwamba siku 15 zamtosha kupata mshahara wake, akafurahi. Hajahesabu mambo mawili.

La kwanza ni fedha asiyoiona. Katika mfuko wa watumishi wa umma, PSSSF, mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 15. Kwa mshahara ule, mwajiri humwekea shilingi 90,000 kila mwezi, naye hazishiki wala hazikumbuki. Akijiajiri, hapana mtu wa kumwekea.

La pili ni gharama. Tuseme nauli na mafuta ya pikipiki shilingi 60,000, vifaa vinavyochakaa shilingi 50,000, simu na ada za leseni shilingi 20,000. Jumla shilingi 130,000.

Basi ili asipungukiwe, fundi huyu hana budi kupata 600,000, na 90,000, na 130,000, jumla shilingi 820,000. Ukigawa kwa 40,000 unapata siku 20 na nusu. Yaani siku 21 za kazi yenye malipo, wala siyo 15, na hapo bado sijataja kodi, wala bima ya afya, wala siku za ugonjwa, wala mteja asemaye, "Njoo mwisho wa mwezi." Katika mwezi wenye siku 26 za kazi, amebakiwa na siku 5 tu za kutafuta wateja na kuugua. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya maneno ya yule rafiki yangu. Fundi alipata fedha za siku mbili kwa saa mbili, lakini hakutuambia juzi na jana alikuwa wapi.

Hesabu hii haisemi, "Usiende." Yasema, "Nenda ukijua." Na hapa nawakumbusha methali ya pili: usiache mbachao kwa msala upitao. Mashariki ya hapa, huko Kongwa, nchi yenyewe ilitoa fundisho. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga. Walileta matrekta na mitambo mizito, wakafyeka pori kwa haraka, kabla ya kuujua vema udongo na mvua za mahali. Jua lilipowaka udongo ukawa mgumu kama saruji, karanga zikashikwa ndani yake. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, umekwisha kula pauni milioni 36 hivi. Hawakukosa fedha, wala mitambo, wala watu wenye elimu. Walikosa saburi ya kujaribu shamba dogo kwanza. Karani aachaye kazi leo, akatumia akiba yake yote kununua vifaa vipya na gari, kisha ndipo aanze kujifunza, analima karanga za Kongwa.

Shamba langu dogo ni zile Jumamosi. Na kuna tarehe niliyoiandika katika daftari langu. Ili mtu astahili pensheni katika PSSSF, yampasa awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Mimi nimechangia miezi 144. Nikiondoka leo nitakuwa nimepungukiwa na miezi 36. Mfuko wa NSSF hupokea wanaojiajiri, na ziko kanuni za kuunganisha michango ya mifuko miwili; lakini kwa hali yangu nimeona afadhali nitimize miaka mitatu iliyobaki, ili haki yangu ya uzeeni isimame mahali pamoja. Mwingine ataona vingine kwa umri wake. Neno langu ni hili tu: kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu, nenda kwenye mfuko wako, uulize kwa maandishi, na jibu lake ulitie katika jalada lako nyumbani.

Na wakati wa kungoja, saa za kazi ni za kazi. Mtumishi asitoroke mezani akafunge koki ya mtu, wala asitumie gari, karatasi au jina la ofisi kujipatia wateja. Pale ambapo kanuni za utumishi zataka ruhusa, na aiombe kwa barua. Mtu aibaye saa za mwajiri wake wa kwanza ataiba na mabomba ya mteja wake wa kwanza.

Ndugu zangu, nimesema mengi ya kuogofya. Sasa niseme tulicho nacho. Sikilizeni watu wanavyolalamika juu ya mafundi. Mara chache husema, "Hajui kazi." Husema, "Aliniambia kesho, hakuja." Husema, "Alichukua fedha za vifaa, sikuona risiti." Husema, "Nimempigia simu, hapokei." Husema, "Bei aliyoitaja asubuhi siyo aliyoitaka jioni." Malalamiko haya yote, je, dawa yake si kazi tuliyofundishwa sisi? Kufika saa iliyotajwa. Kuandika makisio kabla ya kazi, kitu kwa kitu na bei kwa bei. Kutoa risiti. Kujibu barua. Kuweka katika daftari kwamba hita ya nyumba fulani ilisafishwa mwezi fulani, na kumkumbusha mwenyewe mwaka ukiisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mafundi wengi hodari wamepotelewa hivyo.

Chukueni mfano mdogo. Koki ivujayo lita moja kwa saa yaonekana si kitu. Kwa siku ni lita 24, zaidi ya debe. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 720, nayo mita imezihesabu zote. Fundi amwandikiaye mteja hesabu hii katika kipande cha karatasi hana haja ya kubembeleza apewe kazi. Hesabu yenyewe itabembeleza. Hiyo ndiyo kalamu ninayosema nitakwenda nayo.

Sheria nayo yatufaa kuliko kutuumiza. Anayejiajiri ajipatie namba ya mlipa kodi kwa TRA na leseni ya biashara katika halmashauri yake. Akitaka kufanya biashara kwa jina lisilo lake, aliandikishe kwa BRELA. Kwa kazi kubwa za ukandarasi kuna Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na fundi mdogo asijitwalie kazi ya ukubwa huo kabla ya kusajiliwa. Mafundi wengi huziogopa karatasi hizi kama nyoka. Sisi tumekula na kulala nazo.

Shauri langu basi, kwa ufupi. Anayetaka kuondoka kwa sababu amegombana na mkubwa wake, asiondoke. Atakutana na wakubwa wengi zaidi, maana kila mteja ni mkubwa. Anayetaka kuondoka kwa sababu ameona fedha ya fundi siku moja, na aihesabu kwanza ya mwaka mzima. Lakini mwenye mkono upendao kazi, aliyekubali kutumwa na kijana, aliyefanya hesabu pamoja na mwenzi wake usiku mezani, aliyeweka akiba ya chakula na ada za shule kwa miezi sita, na aliyejua tarehe yake, huyo na tusimcheke. Chama hiki na kimsindikize kama kimsindikizavyo mtu anayepanda cheo.

Na ninyi mtakaobaki mezani, kazi yenu yatakiwa na nchi kila siku. Sikuja kuwavuta. Ombi langu ni moja: siku mtakapomwona mwenzenu wa zamani akiingia kwa mlango wa nyuma na mfuko wa spana, msimwulize amepatwa na nini. Mwonyesheni sinki lilipo, na mkimaliza mdaini risiti.

 Maswali nitayapokea.